Korosho Sita Zilizobaki

Kila alfajiri, kabla muadhini hajamaliza kuadhini, nasikia korosho ikidondoka ndani ya kopo. Mlio wake ni mfupi na mkavu, kama mtu aliyegonga bati kwa ukucha. Najua kibarazani hakuna korosho wala kopo. Kopo nimelifungia mwenyewe kwenye sanduku la nguo, chini kabisa, limezungushiwa kanga, na ufunguo naufunga kwenye pindo la kanga ninayoivaa. Hata hivyo nasikia, na kila nikisikia nahesabu. Sijawahi kufika arobaini.

Mimi si mtu wa kuona vitu. Nimefundisha madrasa zaidi ya miaka ishirini, na wanafunzi wangu watakuambia kwamba mtu akija kwangu kusingizia jini kwa jambo alilolifanya mwenyewe, nampa ukweli wake papo hapo. Kwa hiyo na mimi sitasingizia jini. Anayenisumbua ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, na haki ya kunisumbua anayo.

Kijiji chetu kiko bara ya Lindi. Ukifika Rutamba unachukua pikipiki, na kama dereva hana haraka ya kufa unafika na meno yako yote. Kote ni mikorosho. Na kwetu kuna desturi ambayo sijawahi kusikia mtu akiihoji: mwenye shamba ana haki ya korosho, lakini bibo ni la anayeliokota. Unanyonga korosho yako, unaitia kwenye kiroba, na lile tunda lenyewe, jekundu au la manjano, unaliacha chini. Likikaa siku mbili linaoza, linaleta nzi na nguruwe. Anayekuja na beseni lake kuokota anakusafishia shamba, na wewe unamshukuru.

Aliyekuwa akinisafishia mimi ni jirani yangu mmoja, mwanamke wa rika langu, tuliyecheza naye kombolela tukiwa wadogo. Yeye ni mpika gongo. Mabibo akiyakamua asubuhi, jioni yanakuwa uraka, kinywaji chepesi ambacho watu huku wanajitia kwamba si pombe. Ukilala na kuchacha, anauchemsha kwenye pipa na kuupitisha kwenye bomba, na kinachodondoka upande wa pili ndicho kilichowamaliza wanaume wa kijiji chetu. Kila msimu alikuja na beseni, akanisalimia kwa adabu, nikamwitikia na kumwongezea nasaha mbili tatu juu ya moto wa Jahannamu. Alinisikiliza ameinama, anaokota. Kisha alijitwisha beseni lake, likiwa limejaa mabibo ya shamba langu, akaondoka.

Nami nikaingia darasani kufundisha watoto kwamba katika pombe hakulaaniwi mnywaji peke yake. Amelaaniwa anayekamua, anayekamuliwa, anayebeba, anayebebewa, anayeuza, anayenunua. Watoto waliimba kwa sauti hadi barabarani, na jirani yangu aliwasikia akiwa njiani. Mabibo yanatoka kwenye mti wa nani, hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza. Ningemchapa.

Sasa mjomba. Kwetu Wamwera mjomba si mgeni wa siku ya harusi. Ndiye mwenye watoto, kuliko baba. Mjomba wangu ndiye aliyekata miti ya kujengea madrasa ya baba yangu, na ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati siku nilipokanyaga msumari, akinitania njia nzima kwamba mimi ni mzito kuliko dhambi zake. Wakati huo hakuwa na dhambi za kutajika. Alikuwa muadhini wa msikiti wetu. Hatukuwa na kipaza sauti, wala hakikuhitajika. Watu wa vitongoji vya mbali walifungua saumu kwa sauti yake.

Msimu mmoja wa korosho, kabla mimi sijavunja ungo, alikunywa uraka na vibarua shambani. Kesho yake akaenda mwenyewe kwa baba yangu, bila ya kushikwa na mtu, akamweleza. Baba yangu alikuwa mwalimu mkali kwa kila mtu, na kwa shemeji yake aliongeza kidogo. Akamwambia ashuke kwenye adhana, asikanyage mkeka wa msikiti, maana mtu akishakunywa sala yake haipokelewi siku arobaini. Ahesabu siku arobaini, kisha arudi.

Hilo ndilo tulilofundishwa sote. Kijijini kwetu likawa lugha kabisa. Mtu akionekana kilabuni, watu husema ana arobaini. Walevi nao wakalipokea vizuri sana. Ukimwita mmoja wao msikitini anakujibu kwa upole kwamba bado ana arobaini, kama mtu mwenye cheti cha daktari. Wako waliokuwa wakipiga hesabu kuanzia Rajabu ili mfungo uwakute safi, na wako wengi zaidi waliovunja jungu mwishoni mwa Shaabani bila ya kujali. Na lililo baya kuliko yote ni kwamba mtu akishaamini siku arobaini zimeharibika kwa glasi moja, haoni glasi ya pili itaharibu nini tena. Mjomba hakufika arobaini. Alifika kumi, alifika ishirini, akakutana na rafiki. Akaanza upya, akaanza upya, hadi akachoka kuanza, na adhana ikachukuliwa na mwingine.

Baba alipofariki niliirithi madrasa, pamoja na fimbo na yale maneno. Mume wangu alikuwa amekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akayapata kwa mwanamke mwingine. Nikabaki na mjomba kwenye chumba cha uani. Tulielewana. Alikuwa mlevi asiye na matusi, anarudi jioni akiburuta miguu, ananiita mwalimu kwa dhihaka, anakula, analala. Nami nilimkalia kooni kila siku, kwa kuwa ndivyo nilivyojua kumpenda mtu.

Mwaka mmoja tumbo lake likaanza kuvimba. Mabibo yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kuiva. Nilimpeleka zahanati, wakatupeleka hospitali ya mkoa, na daktari wa kike, mdogo kiasi cha kuwa binti yangu, akatwambia bila ya kuzunguka kwamba ini limechoka. Alitoa dawa. Akasema akiendelea kunywa hatamaliza msimu, na akiacha, Mungu ndiye ajuaye.

Tuliporudi hakwenda kilabuni, chini ya mti aliozoea kunywea. Alikaa kibarazani, akaniita, na safari hii hakunidhihaki.

"Mwalimu," akasema, "nataka kurudi. Nianzie wapi?"

Ningalimjibu nini mimi? Nilimjibu nilichokuwa nacho. Nilimwambia aanze kuhesabu arobaini. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilohilo. Akainuka, akaingia ghalani, akachagua korosho arobaini nzuri, zenye maganda yao, akazitia kwenye kopo la rangi. Kando yake akaweka kopo tupu la maziwa ya unga. Akaniambia kila alfajiri atatoa moja huku na kuitia kule. Alisema kichwa chake hakiaminiki tena, bora zihesabu korosho.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Alitetemeka hata uji ukamwagika. Alitoka jasho, akaona wadudu wanatambaa ukutani, akaniomba niwafukuze, nikawafukuza kwa ufagio ingawa hawakuwapo. Lakini kila alfajiri, adhana ilipoanza, nilisikia akijivuta hadi kibarazani, kisha korosho ikidondoka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimheshimu mtu ambaye hakuwa amesoma chochote.

Siku ya kumi na moja niliitwa Lindi mjini. Walikusanywa walimu wa madrasa wa wilaya, wanaume na wanawake, kwa mafunzo ya siku mbili juu ya kuwakinga vijana na pombe na dawa za kulevya. Kulikuwa na mengi juu ya unga unaoshuka pwani, juu ya bangi, juu ya vijana wanaorudi kutoka mjini wameshaharibika. Nilikaa mbele na daftari langu. Siku ya pili, shehe mmoja wa makamo, mtu wa sauti ndogo, alituuliza sisi walimu tunawaambia nini walevi wanaotaka kurudi. Nikanyoosha mkono. Nilisema siku arobaini, nikalisema kwa sauti yangu ya darasani.

Hakunicheka. Aliniuliza maneno hayo yanaishiaje. Nikamwambia yanaishia hapo. Akasema hapana mwalimu, hapo ni katikati. Akatueleza polepole kwamba sala haimwondokei Mwislamu hata siku moja. Siku arobaini ni thawabu zinazompita, wala si ruhusa ya kutosali wala amri ya kukaa nje. Anayezuiwa mkeka ni aliye mlevi saa ileile, asiyejua anachokisema, hadi akili imrudie. Na mwisho wa maneno yale, ambao wengi huwa tunaukata, ni kwamba akitubu, Mwenyezi Mungu anaipokea toba yake. Pale pale, akasema. Mtu hahesabu chochote. Anatawadha.

Niliandika. Daftari ninalo hadi leo, na mwandiko wa ukurasa ule umepinda. Wakati wa chakula nilimfuata nikamuuliza, je, mwalimu aliyefundisha nusu ana hukumu gani? Akanijibu kwamba aliyefundisha nusu kwa kutojua, basi akijua na afundishe yote. Nilimwona kama mtu aliyenivua mzigo. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikipanga maneno nitakayomwambia mjomba.

Nilifika asubuhi iliyofuata. Alikuwa amekaa kibarazani amevaa kanzu, ile ya zamani, imekuwa pana kwenye mabega na inabana tumboni. Mikono ilikuwa imetulia. Aliponiona aliinua kopo la maziwa ya unga akalitikisa.

"Kumi na tatu," akasema. "Mpwa wangu, sijawahi kufika kumi na tatu nikiwa na akili zangu tangu mama yako hajafa."

Wakati uleule jirani yangu alikuwa akipita uani na beseni lake la mabibo kichwani. Harufu ile tamu ilipita pamoja naye. Nilimwona mjomba akiifuata kwa pua, kisha akalishika kopo kwa mikono miwili, akaliweka mapajani, akafumba macho hadi harufu ikaondoka. Na mimi nikiwa nimesimama pale na daftari kwapani, nikayameza yote niliyokuja nayo.

Nataka nieleweke vizuri, maana hapa ndipo penye kosa langu, na si pale nilipokuwa sijui. Sikusahau, wala sikuchelewa kwa shughuli. Nilikaa nikafikiri. Nilijiambia kwamba kinachomshikilia huyu si dawa ya hospitali wala hofu ya kufa. Kinachomshikilia ni kopo. Nikimwambia leo kwamba anaweza kusali leo, atasali leo, na kesho atakuwa hana cha kuhesabu, na keshokutwa atakuwa kilabuni. Mlango ukiwa wazi wakati wote, mtu hana haraka ya kuingia. Baba yangu, nadhani, alifikiri hivyohivyo. Nimepekua vitabu vyake baada ya hapo, na maneno yote mazima yamo; sehemu ya siku arobaini ameipigia mstari, na chini ya ile ya mwisho hakuna alama hata ya penseli. Aliijua. Alituficha kwa ajili ya usalama wetu, nami nikamficha mjomba kwa ajili ya usalama wake. Nilijiona nina hekima. Usiku nililala vizuri, nakumbuka, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Basi akahesabu. Kumi na nane, ishirini na mbili. Alipata nguvu, akawa anatembea hadi kwenye mikorosho ya nyuma ya nyumba na kukaa kwenye kigoda akinyonga korosho zangu. Jirani yangu alikuwa akiokota mabibo palepale, na nilikuwa nikiwasikia wakipiga soga na kucheka. Niliwakazia macho. Nilihofia atampa. Hakumpa hata tone, na nitalisema hili mbele ya yeyote.

Saa za sala ndizo zilizonitesa. Adhana ya adhuhuri ikilia, mjomba aliacha alichokuwa akikifanya, akakaa kimya. Midomo yake ilifuata maneno, lakini sauti hakuitoa. Aliniambia haitoi kwa kuwa hajafika. Watu walipopita kwenda msikitini aliwapa salamu na kuwatazama migongo. Wengine walimwonea huruma, wengine walinong'ona kwamba mlevi amevaa kanzu ya danganya toto. Imamu wetu alipita mara nyingi. Ni mtu wa haki, mgumu kidogo. Kamati ya msikiti ilikuwa imeamua wakati ule kwamba kwa kuwakanya vijana, imamu hatamsalia mwenyewe mtu aliyekufa anajulikana kwa ulevi na hasali. Waislamu watamsalia, kwa sababu ni haki yake, lakini imamu atakaa nyuma. Niliuunga mkono uamuzi ule. Nilisaidia kuuandika.

Baada ya siku ya ishirini na tano tumbo likarudi kuvimba, na macho yakawa ya manjano. Nilimwambia twende hospitali, akasema baada ya arobaini. Nilimwambia tena, akasema nisimvurugie hesabu. Hapo nilianza kuogopa. Nilijiambia kesho nitamwambia. Kila siku nilikuwa na kesho yangu.

Siku ya thelathini na tatu, baada ya alasiri, alikuwa amelala kwenye mkeka kibarazani, makopo mawili kichwani pake. Nilimletea uji. Hakuutaka. Akaniuliza jambo akitazama dari.

"Mpwa wangu, na nikifa kabla?"

Nilikuwa nimeshika kijiko. Maneno yote yalikuwapo kinywani, mazima, ya shehe yule mwenye sauti ndogo. Nilichokifikiri ni aibu. Nilifikiri, nikimwambia sasa ataniuliza nimejua tangu lini. Nitamwambia tangu siku ya kumi na tatu. Atanitazama.

"Utamaliza, mjomba," nikamwambia. "Zimebaki saba tu."

Akasema inshallah. Akaomba nimgeuze, nikamgeuza upande wa kibla bila ya kusema kwamba ndiko nilikomgeuzia, na yeye hakusema kwamba amejua.

Alfajiri yake nilisikia korosho ikidondoka. Ilichukua muda mrefu, ilisikika kwanza ikikwaruza kwenye kopo la rangi, kama vidole havikuweza kuikamata, halafu ikadondoka. Jua lilipokuwa limepanda kidogo nilitoka na maji ya kumwosha uso nikamkuta ameshakwenda. Mkono ulikuwa juu ya kopo. Thelathini na nne upande huu, sita upande ule.

Wanaume walikuja wakamwosha, wakamkafini. Sisi wanawake tulikaa ndani. Kabla ya kuinua jeneza imamu alikuja hadi mlango wa uani, akasimama nje ya pazia, akaniita kwa heshima. Alisema amesikia kwamba mzee alikuwa ameacha. Amekuja kuniuliza mimi kwa kuwa ndiye niliyekaa naye na ndiye mwalimu. Nikamthibitishia, aliacha, leo ni siku ya thelathini na nne, hakugusa hata tone. Nilisikia akivuta pumzi.

"Kama aliacha," akauliza, "mbona hatukumwona msikitini hata siku moja?"

Alitaka nimpe sababu. Nimelirudia mara nyingi lile swali na sauti aliyoliulizia, na nina hakika alitaka nimpe chochote cha kumwezesha kusimama mbele. Wanawake wote mle ndani walikuwa wananisikiliza. Nusu yao ni wanafunzi wangu, na waliobaki ni mama zao.

Sikumjibu. Nilijifunika uso kwa kanga kama mtu aliyezidiwa na msiba, na imamu, kwa kuwa ni muungwana, hakuuliza tena. Waliniambia baadaye kwamba aliyemsalia ni mzee mmoja wa safu ya pili. Imamu alikaa pembeni, chini ya ukuta wa msikiti, mikono magotini. Vijana walimwona, wakaelewa. Somo lilifika.

Mwaka mzima nilikaa hivyo. Nilifundisha. Nilipofika kwenye siku arobaini niliruka, nikaenda kwenye tohara na udhu. Mtoto mmoja aliniambia nimeacha ukurasa, nikamwambia akae chini. Msimu ukarudi, mikorosho ikaangusha mabibo yake, na nikagundua kwamba yanaoza. Jirani yangu hakuja. Nzi walijaa hadi kibarazani. Wiki ya pili nikaanza kuyafukia mwenyewe kwa jembe, nikiwa na hasira, nikijua fika kwamba sina haki ya kumkasirikia mtu kwa kuacha dhambi.

Alikuja asubuhi moja bila ya beseni. Alikuwa amejitanda vizuri, mikono mitupu, akakaa kwenye kigoda kilekile. Aliniambia pipa amelitoboa kwa shoka. Amechoka kuwazika wanaume wake wa kilabuni mmoja mmoja, na yule wa kwangu ndiye aliyemmaliza nguvu. Anataka kusali. Tangu mama yake afe hajasali, na yeye si mnywaji sana, ila ni mpikaji, kwa hiyo hajui zake ni arobaini au zaidi. Akaniuliza ahesabu ngapi.

Nilimwambia hapana cha kuhesabu. Nilimweleza yote, hadi mwisho wa maneno, pale pale, na kwamba kinachotakiwa ni maji. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Nilidhani ningeweza kuishia hapo.

"Sasa mjomba wako alikuwa akingoja nini?" akauliza.

Nilijikaza. Nikamwambia kwamba nilijua tangu siku ya kumi na tatu, na sikumwambia. Ni mara ya kwanza maneno hayo kutoka nje ya kifua changu, na yalitoka mepesi, hata nikashangaa.

Nilingoja anitukane. Akachora chini kwa kidole cha mguu, kisha akasema jambo ambalo nalibeba pamoja na kopo.

"Alijua," akasema. "Tulikuwa hapa hapa kwenye mabibo. Alisema amesikia redioni, shehe mmoja anasema hakuna kungoja, mtu akitubu anasali siku ile ile. Nikamwambia basi sali, mzee, unangoja nini. Akasema redio hainijui. Mpwa wangu ananijua, na amesoma, kama mlango ungekuwa wazi angenifungulia."

Sikulia. Ningependa kusema nililia. Nilisimama nikaenda kuleta birika, nikamwambia akunje mikono ya nguo. Nilimmiminia vibaya, maji mengi yakamwagika miguuni pake. Akanishika kiganja, akalielekeza birika mwenyewe, akatawadha. Nilimtandikia mkeka ndani, nikamwacha na Mola wake.

Nikachukua ushungi, nikaenda moja kwa moja hadi kwa imamu. Alikuwa uani kwake anatengeneza kiti. Alipoona ni mimi akaacha nyundo, akaniitikia salamu, akauliza kuna nini. Nilibaki nimesimama.

"Uliniuliza mbona hamkumwona msikitini," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyemzuia."